Jinsi ya kuskani vyeti vyako mwenyewe kwenye kompyuta za maktaba, Arusha na Moshi

Wadau, msimu wa kuomba mkopo na vyuo ukifika mji mzima unajaa vijana na bahasha za kaki, kuanzia Stendi Ndogo mpaka Kilombero, kila mtu anatafuta pa kuskani. Maombi karibu yote sa hivi ni mtandaoni, Bodi ya Mikopo wanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, Ajira Portal wanataka vyeti vya shule na vya taaluma, ukiomba pasipoti nako kuna viambatisho, na vyote vinaingia kama faili. Sasa mtu anaweza kuwa na sifa zote afu ombi lake likakwama kwa sababu muhuri hauonekani au namba ya cheti haisomeki. Inauma sana hii, maana kazi yenyewe ukiijua haichukui muda.

Ndo maana naandika namna ya kuifanya mwenyewe ukiwa maktaba. Maktaba za mkoa ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, Arusha tunayo na Moshi wanayo ya mkoa wa Kilimanjaro, na hatua nitakazoeleza zinafanya kazi kwenye chumba chochote cha kompyuta chenye skana, iwe maktaba ya umma, ya chuo au ya kanisa. Stesheni, yale maduka ya kuchapa na kutoa kopi, ni haraka, nakubali, lakini pale unamkabidhi mtu cheti, anaskani mbiombio kwa sababu nyuma yako kuna foleni, anakurushia WhatsApp, na faili lako linabaki kwenye deskitopu yake pamoja na ya watu kibao. Ukikaa mwenyewe unachagua ubora, unaangalia kilichotoka, unarudia kama hakijatulia, na ukiondoka unafuta. Kwangu mimi hilo la kufuta peke yake linatosha kumpandisha mtu kifodi (daladala zetu) mpaka mjini.

Kabla hujatoka nyumbani

Soma kwanza huko unakoomba wanataka nini. Wengine wanataka cheti halisi kiskaniwe, wengine wanataka nakala iliyogongwa muhuri na wakili, wengine wanataka PDF tu na wanaweka kikomo cha uzito wa faili. Andika kwenye karatasi au piga skrinishoti, maana ukifika pale bila kujua utaskani kitu kimoja mara tatu.

Vyeti toa kwenye fremu, toa kwenye mifuko ya plastiki, toa pini na stepla. Stepla isahau kabisa kuibeba kwenye kioo, inakwaruza na mkwaruzo ule utaonekana kwenye karatasi za watu wote watakaokuja baada yako. Kama cheti kilikunjwa mara nne miaka mingi (vile vya zamani vya kuandikwa kwa mkono karibu vyote viko hivyo) kilaze katikati ya kitabu kizito usiku mzima. Usikipige pasi, wino wa muhuri na joto haviendani, na karatasi ya zamani inakauka inapasuka kwenye mkunjo.

Beba flashi ambayo haina mambo yako mengine. Kompyuta za watu wengi ndo makazi ya vairasi, kile kinachogeuza mafolda yako yote kuwa shotikati kila mtu anakijua, kwa hiyo flashi yenye tasnifu yako iache nyumbani. Beba pia kitambaa laini kikavu, na karatasi moja nyeusi ya manila saizi ya A4, hii nitaeleza chini kazi yake. Simu iwe na chaji, utaihitaji kwa zile namba za uthibitisho za kuingilia imeili.

Ukifika kaunta

Salimia vizuri, hapa kwetu salamu inafungua milango. "Shikamoo mama, naomba kuuliza, skana leo inafanya kazi?" Uliza hilo kabla hujalipia muda wa kompyuta. Uliza pia skana imeungwa na kompyuta ipi, maana mara nyingi ni moja tu kati ya zote, na ukikaa kwenye nyingine utahangaika kutafuta kitu ambacho hakipo. Uliza kama flashi zinaruhusiwa, kuna vyumba wamefunga matundu ya USB kwa ajili ya hao vairasi niliowataja, na hapo utalazimika kujitumia kwa imeili.

Ukiwa na mzee, mama au bibi anayefuatilia mirathi au kiinua mgongo, mwombe mhudumu mkae wawili kwenye kompyuta moja. Huwa wanaelewa. Na ukimsaidia mtu mzima mwoneshe kila unachofanya na karatasi zake, zikae mikononi mwake muda wote isipokuwa ile moja iliyo kwenye kioo.

Kioo

Fungua mfuniko uinamie kioo kwa pembeni, usikitazame kutokea juu. Vumbi la Arusha kipindi cha kiangazi linaingia kila mahali, na kwa pembeni ndo utaona alama za vidole na chembechembe. Futa kwa kitambaa kikavu. Kama kuna kitu kimeganda, lowesha kitambaa kidogo sana ndo ufute, usimwagie maji wala dawa moja kwa moja kwenye kioo kwa sababu inapenya kwenye kingo na kuingia ndani kwenye taa, na ile haitoki tena.

Kama skana ina sehemu ya juu ya kulisha karatasi yenyewe, vyeti usipitishe huko. Ile ni ya fomu na karatasi mpya za A4 zilizonyooka. Cheti cha zamani kikinaswa na rola kinachanika, na kupata kingine ni safari. Halafu ukiona skani imetoka na mstari mmoja mrefu kutoka juu mpaka chini, ujue ni uchafu kwenye kile kioo chembamba cha pembeni, karatasi inapita juu ya doa lilelile mwanzo mwisho. Futa pale, mstari unaondoka.

Kuweka karatasi

Maandishi yanatazama chini. Kwenye kona moja ya kioo kuna mshale au alama ndogo, kona ya karatasi inakaa hapo. Wengi wanaiweka katikati kisha inatoka imepinda.

Hapa kuna kitu watu hawakijui. Skana nyingi za sa hivi, hizi nyembamba, kisomeo chake kiko karibu kabisa na kioo, na kinaona vizuri kile tu kilichogusa kioo. Karatasi ikiinuka kidogo kwenye mkunjo, sehemu ile inatoka na ukungu, na bahati mbaya mikunjo ya vyeti vya zamani inapita katikati, palepale penye jina la baba au tarehe. Kwa hiyo ukishaweka cheti na kufunga mfuniko, weka kiganja juu ya mfuniko ukandamize taratibu mpaka taa imalize safari. Usiegemee kwa uzito wa mwili, ni kioo hicho.

Sasa ile manila nyeusi. Kuna karatasi nyepesi ambazo maandishi ya upande wa nyuma yanaonekana mbele, na ukiskani yanatoka kama kivuli kinachochafua maandishi ya juu. Hii inatokea kwa sababu mfuniko ni mweupe, mwanga unapenya karatasi unarudi umebeba na yale ya nyuma. Weka manila nyeusi nyuma ya cheti kabla ya kufunga mfuniko, ule mwanga unamezwa, na kivuli kinapungua sana. Na faida ya pili, kingo za cheti zinaonekana vizuri, mtu anayehakiki anaona karatasi nzima na kwamba hakuna kilichokatwa.

Kilicholaminetiwa futa alama za vidole pande zote mbili, weka, kandamiza, basi. Kikubwa kuliko A4, kama hati fulani za kiwanja, usikikunje ili kitoshe. Skani nusu ya juu kisha nusu ya chini huku zikipishana kidogo, ama ulizia skana ya A3.

Mipangilio, hapa tulia

Fungua programu ya skana. Inaweza kuwa ya kampuni yenyewe, HP, Canon au Epson, inaweza kuwa NAPS2 ambayo ni ya bure na mimi naipenda kuliko zote kwa sababu inaunganisha kurasa kuwa PDF moja bila longolongo, au inaweza kuwa ile iliyokuja na Windows, inaitwa Windows Fax and Scan. Sura zinatofautiana ila maswali ni yaleyale.

Chanzo: chagua Flatbed, maana yake kioo.

Rangi: kwa cheti chagua Color hata kama cheti kinaonekana cheusi na cheupe. Black and White inalazimisha kila nukta iwe nyeusi tii au nyeupe pee, hakuna katikati, na muhuri wa zambarau uliofifia unahesabiwa kuwa mweupe, unapotea. Saini ya kalamu ya bluu inatoka imekatikakatika. Watu wengi wanaoambiwa "cheti chako hakina muhuri" muhuri wanao kabisa, umemezwa na hii setingi. Grayscale inafaa kwa fomu za kawaida zenye maandishi ya kompyuta tupu.

DPI: weka 300. Hiyo ni idadi ya nukta kwa kila inchi, na kwa A4 inakupa picha ya pikseli 2480 kwa 3508, inasomeka na inachapika vizuri. Watu wanapenda kuweka 600 wakidhani ndo bora zaidi, lakini ukizidisha DPI mara mbili nukta zinakuwa mara nne, skana inakwenda polepole, faili linakuwa zito, na mfumo wa maombi unalikataa. 600 ibaki kwa picha ndogo za pasipoti au picha ya zamani ya familia unayotaka kuikuza.

Brightness na contrast ziache zilivyo.

Kisha bonyeza Preview. Skana itapita mara moja na kukuonesha picha ya haraka yenye fremu ya nukta nukta. Vuta kona za fremu zizunguke karatasi nzima, acha ukingo kidogo. Kama kimekaa kichwa chini au kimepinda, fungua mfuniko ukipange upya sasa hivi, usiseme nitakigeuza baadaye. Ndipo ubonyeze Scan.

Ikitoka ikuze mpaka asilimia 100 uisome kweli: namba ya cheti, jina herufi kwa herufi, tarehe, muhuri, saini. Vyote vitano. Kimoja kisiposomeka kwenye skrini yako, huko mbele nako hakitasomeka.

Kuhifadhi

Toa jina lenye maana palepale. Faili linaloitwa Image au Scan0001 litakusumbua siku ya kupakia, unakuta una Scan0001 tatu tofauti na muda unayoyoma. Andika kama cheti-kuzaliwa-jina-lako, fomu-nne-jina-lako, bila nafasi na bila alama za ajabu kwa sababu mifumo mingine inazikataa. Na umeme wetu mnaujua, hifadhi kila karatasi ukiimaliza, usiskani kumi ndo uhifadhi kwa mkupuo.

Ukitumia NAPS2 ni rahisi, skani kurasa zote za hati moja, zipange, bonyeza Save PDF. Ukitumia Windows Fax and Scan utapata JPG na haitakupa PDF moja kwa moja. Fanya hivi: fungua folda, chagua picha zako kwa mpangilio, kliki ya kulia, Print, kisha kwenye printa chagua Microsoft Print to PDF. Pale chini kuna kiboksi cha Fit picture to frame, kitoe tiki. Hicho kikibaki na tiki kinakuza picha ijaze ukurasa na kinakata kingo, na kwenye cheti kingo ndo penye namba.

Fomu yenye kurasa nyingi iwe PDF moja. Vyeti tofauti viwe mafaili tofauti, isipokuwa wamesema viunganishwe.

Faili likiwa zito

Ukiambiwa faili limezidi, kimbilio la watu ni zile tovuti za kupunguza PDF bure. Nawaombeni sana msipakie huko cheti cha kuzaliwa wala kitambulisho cha NIDA. Unakuwa umeikabidhi karatasi yenye jina lako, tarehe yako ya kuzaliwa na majina ya wazazi wako kwa kompyuta ya mtu usiyemjua, kwa ajili ya kupunguza megabaiti moja. Rudi kwenye skana, skani tena kwa DPI 200, ikigoma shuka 150, rangi iache palepale. Kutoka 300 kwenda 150 nukta zinabaki robo, na maandishi ya ukubwa wa kawaida bado yanasomeka. Ile ya 300 itunze kama mama wa faili, hii nyepesi ndo ya kupakia.

Jambo jingine dogo. Wapo wanaoomba kurekebishiwa herufi moja ya jina kwenye skani kwa sababu cheti cha kuzaliwa kinasema Josefu na cha shule kinasema Joseph. Usiguse. Kughushi kwa kompyuta ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na tofauti za majina zina njia yake halali, kiapo kwa wakili au hakimu, unakiskani nacho unakiambatisha.

Kulitoa faili kwenye kompyuta

Flashi ikiruhusiwa kopi, fungua faili ukiwa ndani ya flashi uhakikishe linafunguka, halafu Eject ndo uchomoe. Kwa imeili, fungua dirisha la siri la brauza, kwenye Chrome ni Ctrl, Shift na N, ingia, jitumie mwenyewe. Gmail inabeba hadi megabaiti 25 kwa barua, inatosha kabisa. Brauza ikiuliza ikutunzie nywila, kataa.

Kwa WhatsApp tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha WhatsApp inaibana, na ule ubora wote ulioutafuta unapotea njiani. Na kama uliunganisha WhatsApp kwenye ile kompyuta, chukua simu, ingia kwenye Linked devices, uiondoe palepale kabla hujanyanyuka. Kufunga dirisha tu hakutoshi, mtu atakayekaa baada yako anaweza kukuta meseji zako zote.

Kufuta, usiruke hapa

Hii ndo sababu kubwa ya mimi kuandika yote haya. Windows Fax and Scan inaweka nakala yenyewe kwenye Documents, ndani ya folda inayoitwa Scanned Documents, na wewe ukibonyeza Save As ukapeleka kwenye flashi, ile ya kwanza inabaki kule. Programu ya Scan ya Windows yenyewe inaweka kwenye Pictures, folda ya Scans. Ukifungua mafolda haya kwenye kompyuta nyingi za umma utakuta vyeti vya watu, vitambulisho, mpaka mikataba, na hao watu wako majumbani wanajua walishaondoka navyo.

Kwa hiyo pita sehemu hizi: Scanned Documents, Scans, Downloads, Deskitopu. Chagua ya kwako tu, bonyeza Shift na Delete kwa pamoja, hapo inafutwa bila kupitia Recycle Bin. Ikiwa ulitumia Delete ya kawaida, ingia Recycle Bin ufute na kule. Kwenye NAPS2 futa kurasa zilizobaki kwenye dirisha. Ukikuta ya mtu mwingine usiifungue wala kuikopi, mwite mhudumu. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na karatasi ya mtu ni mali ya mtu.

Kisha nyanyua mfuniko. Cheti cha mwisho ulichoskani ndo kinachosahaulika, kwa sababu macho yote yamehamia kwenye skrini. Hesabu karatasi zako ziwe idadi ileile uliyotoka nayo nyumbani, rudisha kwenye bahasha, chukua na manila yako. Ukigundua uko kwenye kifodi umeshafika Sakina, piga simu au rudi siku hiyohiyo, wahudumu huwa wanaziweka kaunta.

Ukifika nyumbani fungua mafaili kwenye simu, yote, sio moja. Hifadhi nakala sehemu mbili, flashi na imeili, na siku ya kupakia ukishapakia bonyeza pale pa kuona kiambatisho kabla ya kutuma ombi, uhakikishe kwenye nafasi ya cheti cha kuzaliwa hujaweka cha fomu nne.